Rangi za Bi Mkubwa

9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na shemeji, pamoja na binti yangu, huyo Bi Mkubwa wetu anayewaamrisha nyote humo ndani. Mimi sijambo. Baridi imelegea kidogo, na yule mzee wa chini anayefua nguo za watu amenipa pazia zito ambalo mwenyewe hakulirudia, kwa hiyo chumba changu sasa kinafanana na chumba. Kabla ya hapo kilikuwa kabati lenye dirisha.

Ulisema tuandikiane barua kwa sababu kwenye simu tunapigiana kelele tu za "unanisikia, unanisikia", na mwanangu anakimbia kabla hajasema neno. Haya, umeshinda. Nimenunua karatasi, na mkono unaniuma maana umezoea kubofya.

Kazini nimepewa shughuli mpya. Ile programu ya kuwekea miadi ya kliniki ina vitufe, visanduku vya kuandikia na alama ndogondogo, na kila kimoja kina rangi yake. Waliotutangulia waliandika rangi hizo kwa nambari, humohumo ndani ya kila kitufe. Buluu ileile imerudiwa huku na huko mpaka hakuna anayejua iko mahali pangapi. Sasa natakiwa nizikusanye rangi zote kwenye faili moja, kila rangi niipe jina, halafu kila kitufe kiite rangi yake kwa jina. Siku ukitaka kubadili, unagusa pale kwenye jina tu, na vitufe vyote vinafuata.

Kazi yenyewe si ngumu. Kinachonishinda ni kutunga majina. Bosi amesema kwa sasa niweke lolote mradi lisijirudie, majina rasmi yatakuja baadaye. Nikamkumbuka Bi Mkubwa ulivyonisimulia, anavyokaa chini ya meza yako ya kukatia vitambaa akipanga nyuzi. Muulize anaziitaje rangi zake, kisha uniandikie vilevile alivyosema.

Kuna jambo jingine. Ofisi imekubali kunidhamini ili mwanangu aje kuishi nami. Makaratasi yanatakiwa kabla ya mwisho wa Agosti, na kinachokosekana ni cheti chake cha kuzaliwa. Nilikuachia siku ile nilipokuwekea mtoto mikononi, mama yake katutoka juzi tu, na mimi sijui hata kumfunga nepi. Naomba unitumie. Nimemkumbuka mwanangu, Dada. Nimemkumbuka kupita kiasi.

Mdogo wako.


3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, hatujambo hata kidogo. Shemeji yako anakusalimu. Amechomelea geti la shule likatoka pana kuliko nafasi yake, na anashikilia kwamba ukuta ndio uliosinyaa. Mwalimu mkuu amekuja mara mbili kupima, na mara zote mbili shemeji yako alikuwa "ametoka kidogo". Cherehani yangu imepata mkanda mpya na sasa inakimbia kuliko mimi.

Kazi yako nimeielewa. Ila jamani, kusoma miaka yote ile, tukakuuzia mpaka kitanda, kumbe unakwenda kutia rangi vitufe! Mimi vifungo vyangu navishona huku napiga soga, na umeme ukikatika vinabaki vimefunga. Usininunie, natania.

Bi Mkubwa nilimuuliza. Kwanza aliniambia nisubiri, ana shughuli. Halafu akatoka chini ya meza na nyuzi amezipanga kwenye sinia, akaanza kunifundisha kama mimi ndiye mwanafunzi. Kahawia iliyopauka inaitwa chai iliyosahauliwa. Buluu ya sare ni Jumatatu. Njano ni pasi bado, kwa sababu taa ya pasi yangu huwa njano kabla haijapata moto. Kijivu ni aliyenuna. Nyekundu ni goti. Nilimwambia nyekundu si goti, akaniangalia kwa huruma.

Amerefuka. Gauni la mwaka jana nimelifanya blauzi. Hayo mengine tutaongea, maana sare za shule zimenilundikia hapa mpaka sioni mlango.

Dada yako.


22 Machi

Dada,

Shikamoo, na shemeji umpe pole ya ukuta. Mimi mzima. Mzee wa kufua alikuwa mgonjwa wiki nzima, nikawa namshushia uji, naye ananiambia unahitaji chumvi. Kwa hiyo amepona.

Majina yote yameingia kwenye faili. Wenzangu hawajui lugha yetu, na mmoja anatamka "pasi bado" kama anataja jina la mchezaji wa mpira. Kitufe kikubwa cha kuthibitisha miadi kinaita Jumatatu. Maandishi madogo ya maelekezo chini ya visanduku yanaita aliyenuna. Na mtu akikosea kujaza, kisanduku chake kinazungushiwa goti.

Goti la nani, Dada? Kila mgonjwa anayekosea tarehe anaonyeshwa goti la mwanangu, nami sijui alianguka wapi, wala nani alimpuliza kidonda. Hukuniandikia. Nimejikuta nakosea makusudi kwenye fomu ili niione hiyo rangi.

Nisaidie na jina moja zaidi. Kuna kitufe ambacho unakiona lakini hakibonyezeki mpaka umalize kujaza fomu. Kipo pale, umbo lake lilelile, ila ukikigusa hakifanyi kitu. Muulize Bi Mkubwa kitu cha namna hiyo kina rangi gani. Mweleze vizuri kama nilivyokueleza.

Na cheti? Labda barua ilikuwa ndefu ukapitiwa. Nakukumbusha tu.

Mdogo wako anayekosea makusudi.


30 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua nimechelewa, usianze. Sare zilikwisha, zikaja nguo za harusi ya binti wa mwenye nyumba, na bibi harusi mwenyewe alikuwa ananenepa kila akija kupima. Halafu Bi Mkubwa akapata homa, sasa amepona na ameanza kutuamrisha upya, ndiyo dalili tunayoiangalia sisi. Shemeji yako amelikata geti, na sasa ni jembamba.

Goti lilikuwa la kwake. Alishuka ngazi za duka akiwa amevaa viatu vyangu, akafika chini kabla ya viatu. Hakulia mpaka aliponiona. Nilimpuliza mimi. Kidonda kimekauka zamani, umebaki ubishi tu.

Kuhusu kitufe chako kisichobonyezeka, amesema ni aliyenuna, ila si kijivu kizito kile. Anataka iwe hafifu, kama kioo cha dirisha ukikipulizia pumzi. Alikipulizia kabisa ili nione.

Cheti sijakiona. Nyumba hii ina makaratasi mengi na mimi nina macho mawili. Nitatafuta nikipata nafasi.

Kula vizuri. Kwenye ile picha uliyotuma shingo yako imekuwa kama ya mbuzi wa kuazima.

Dada yako.


14 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimeharibu kazi. Ulipoandika kwamba Bi Mkubwa anataka aliyenuna iwe hafifu, sikufikiri mara mbili. Nilifungua faili, nikabadili mstari mmoja, nikafurahi kana kwamba ameniomba nimbebe. Nilisahau kwamba jina hilohilo nilishalipa kazi nyingine. Kitufe kikawa kama pumzi kwenye kioo, sawa, lakini na maandishi yote madogo ya maelekezo yakafifia pamoja nacho. Asubuhi hiyo wagonjwa hawakuweza kusoma waandike nini wapi. Simu za kliniki hazikupumua mpaka tuliporudisha ile ya zamani.

Bosi aliniita. Akaniuliza, "Umebadilisha rangi ya programu nzima kwa sababu nani amekwambia?" Nikasema mwanangu. Akauliza ana miaka mingapi. Nikasema mitano. Akatazama nje, akasema jina moja lifanye kazi moja, na kwamba majina rasmi yanaanza wiki hii. Goti sasa linaitwa rangi ya kosa. Jumatatu inaitwa rangi kuu. Nimeyafuta moja baada ya jingine kwa mkono wangu. Hapa kazini sina tena hata neno lake moja.

Sasa nakuuliza kama mdogo wako. Cheti ulikitia kwenye bati la biskuti unamoweka mikasi, mbele yangu. Hukukipoteza. Wewe hujawahi kupoteza hata sindano. Unanizungusha, na mimi naogopa kuuliza kwa nini, kwa hiyo nauliza jingine. Anakuita nani? Na mimi, ananiita nani nikiwa sipo?

Kwenye kazi yetu unaweza kutaja jina ambalo hukulipa rangi. Kompyuta haikasiriki. Inaacha tu mahali pale peupe. Ndivyo ninavyojiona kwake.

Mdogo wako.


2 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Wote wazima, na leo salamu ni hizo tu.

Ananiita mama. Sikumfundisha. Alianza mwenyewe siku moja nikimvalisha soksi, nami nilipaswa kumsahihisha, nikasema kesho. Nimesema kesho mpaka leo. Shemeji yako anamwita baba. Usimchukie kwa hilo, anamtengenezea vigari vya bati na anampeleka shule amembeba mabegani.

Wewe anakuita baba wa simu.

Sasa nikuambie lile nililokuficha. Nilimweleza kuhusu kitufe chako kama ulivyoandika, neno kwa neno. Kitu kipo, unakiona, lakini ukikibonyeza hakifanyi kitu. Hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Hiyo ni rangi ya baba wa simu." Akachukua simu yangu, akafungua picha yako, akakubonyeza kidole usoni ili anionyeshe. Kisha akapuliza kioo, na uso wako ukawa hafifu. Ile pumzi ilikuwa yako, si ya aliyenuna. Mimi nikaiita aliyenuna nikakutumia, na kwa ajili ya hilo umegombezwa na bosi wako.

Sitaki aende. Nimeshaliandika, basi. Miaka yote hii sikupata mtoto, na watu wamechoka kuniuliza, ukaja ukaniwekea huyu mikononi ukaondoka. Ulidhani unaniachia mzigo. Nikiamka yupo, nikikata kitambaa yupo chini ya meza ananihesabia pini. Nikifikiria chini ya meza pakiwa patupu, mkasi unanikataa.

Lakini cheti hiki hapa ndani ya bahasha. Ni cha mwanao. Sikuweza kuendelea kusema sijakiona huku naweka mikasi juu yake kila siku.

Fanya unavyoona.

Dada yako.


25 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Cheti kimefika. Sijakipeleka popote.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, koti sijavua. Nilikaa nalo mpaka mzee wa kufua akaja kuniuliza kama nimefungiwa nje. Nikamweleza yote, kwa lugha yangu mbovu. Alinisikiliza, akaniambia nivue koti.

Mwanangu alifiwa na mama kabla hajamjua. Nikimchukua kwako nitakuwa namwondolea mama mara ya pili, na safari hii atajua. Sitafanya hivyo. Kama nafasi ya Agosti itapita, na ipite. Niandikie tu anavyokua. Usinifiche magoti. Nataka yote, hata yale madogo, hata amekula nini, hata amekataa kula nini.

Ila nisiseme uongo kwamba hainiumi. Inaniuma, Dada. Naona watoto wa watu wanavuka barabara na baba zao, wameshikwa kifundo cha mkono, wanavutwa, wanalalamika. Mimi hata kulalamikiwa sijawahi.

Kitufe kile kimepewa jina rasmi sasa. Kinaitwa rangi ya kutotumika. Nililiandika mwenyewe.

Mdogo wako.


8 Agosti

Mdogo wangu,

Jana Bi Mkubwa aliwaambia watoto wa jirani kwamba baba yake wa simu hana miguu. Walipobisha, alisema yeye hajawahi kuiona, na kama ingekuwepo angeshatembea kuja.

Peleka makaratasi.

Dada yako.


9 Novemba

Mdogo wangu,

Barua hii sikuipeleka posta. Imo kwenye mfuko wa koti la Bi Mkubwa, nimeufunga kwa pini. Nesi wa mtaa wa pili anayekuja huko kusoma ndiye aliyemshika mkono njiani, umshukuru sana, maana najua Bi Mkubwa amemwamrisha toka walipopanda ndege mpaka waliposhuka. Kwa hiyo leo usitegemee habari za nyumbani kutoka kwangu. Zimesimama hapo mbele yako. Muulize mwenyewe.

Ulipoandika kwamba humchukui, ndilo neno nililokuwa nalisubiri. Nilidhani nitalala usingizi mzuri. Sikuupata. Nilimtazama akipanga nyuzi nikajua nimeshinda kitu ambacho sikitaki hivyo. Halafu akaja na ile hadithi ya miguu, watoto wakamcheka, naye hakulia, alibishana mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa anakutetea, mdogo wangu. Anamtetea mtu asiyemjua.

Nilimwambia anakwenda kwa baba yake. Akaniuliza kama na mimi nakwenda. Nikasema mimi nina nguo za watu. Akasema basi nimalize haraka nije. Nilijifanya natafuta uzi chini. Shemeji yako alitoka nje kuchomelea kitu ambacho hakikuvunjika.

Mambo machache. Usimsuke, hutaweza, mtafute mtu. Akikataa chakula mwache, atarudi mwenyewe kwa hasira. Akinililia asubuhi usimwambie anyamaze, na usimwambie nitakuja kesho; mimi najua neno hilo linavyoweza kukaa. Akikuita baba wa simu mbele ya watu, wewe itika. Na kama ananiita mama bado, mdogo wangu, nakuomba umwachie. Sina jingine la kukuomba.

Nguo zake nimezishona zote upya. Utaona kila gauni lina pindo nene kwa ndani. Nimelikunja makusudi, ili akirefuka ufungue kidogo, akirefuka tena ufungue kidogo. Nimelishona kwa mkono, mishono mikubwa, hata wewe utaweza kuifumua. Usimpeleke kwa fundi wa huko, na usimnunulie nguo mpya ukadhani unanirahisishia. Pindo likiisha, mlete nimpime.

Dada yako.